Tusiache Kitu Kilimani

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye haraka, asiyeweza kuona kitu kinatupwa akanyamaza. Kila jioni, kabla ya kufunga kliniki, alisimama mlango wa nyuma akiyatazama mafuko ya taka: glavu, vikombe vya kusukutulia, mirija ya kufyonzea mate, pamba. Alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Tunawasafisha watu vinywa, tunauchafua mji," alisema siku moja. Kesho yake akaja na habari ya mandari.

Aliwakusanya wafanyakazi kwenye chumba cha chai. Walikuwa watatu tu: muuguzi, fundi wa meno ya bandia, na dada wa mapokezi, ambaye wote pale, hata wagonjwa wa siku nyingi, walimwita Mapokezi kana kwamba hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafunga," Daktari alisema. "Tunakwenda mandari, na anayetaka kuja na mtu wa nyumbani kwake aje. Lakini nataka mandari safi. Hakuna sahani za karatasi, hakuna chupa za plastiki, hakuna mkaa. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa miguu. Tukiondoka, nyasi zisijue kama tulikuwepo."

"Daktari, mandari bila soda ni semina," Fundi alisema.

Muuguzi alicheka mpaka chai ikamwagika. Daktari naye akatabasamu, kisha akamgeukia Mapokezi. "Wewe ndiye utakayepanga. Mikono yako haisahau kitu."

"Na tunakwenda wapi?"

"Kilimani, kwenye bustani mpya. Pale palipokuwa dampo. Wazo kama hili lingepata wapi mahali pazuri zaidi? Jana uchafu, leo nyasi."

Mapokezi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani taratibu, kama kitu kilichokwisha pasuka tayari.

"Sawa, Daktari," alisema.

Kaka yake, kifungua mimba wa mama yao, alikuwa dereva wa tingatinga kwenye dampo lile. Kazi yake ilikuwa kuzisukuma taka za mji mzima, kuzishindilia na kuzipandisha juu, mpaka zikawa mlima unaoonekana kutoka kila mtaa. Mwaka mmoja mvua zilinyesha bila kupumzika, na asubuhi moja mlima ukakatika. Upande mzima uliteremka ukamfunika yeye na tingatinga lake. Walichimba siku kadhaa. Kisha mhandisi akasema kuendelea kuchimba ni kuuangusha mlima uliobaki juu ya wachimbaji, na mashine zikaondolewa. Baadaye dampo likafungwa, likafunikwa udongo mwekundu ulioletwa na malori, likapandwa nyasi, na juzijuzi likawekewa lango na viti vya saruji.

Mama alikataa msiba. "Nimlilie nani?" aliwauliza majirani waliokuja na mikeka yao kwapani. "Mmenionyesha nini?" Akawarudisha kutoka mlangoni. Tangu siku hiyo, katika nyumba ile kaka hakuwa amekufa. Alikuwa amekawia. Neno lilikuwa hilo, na Mapokezi, ambaye alikuwa kitinda mimba, alilishika kama alivyoyashika maagizo mengine ya mama yake. Alipoanza kazi kliniki akaulizwa kama ana ndugu, alijibu kwamba ana kaka, yuko safarini. Miaka ikapita. Muuguzi aliwahi kumtania, "Huyo kaka yako alikata tiketi ya kwenda tu?" naye akacheka, akageukia simu ambayo haikuwa imelia.

Angeweza kumwambia Daktari hapana. Lakini hapana ingetaka maelezo, na maelezo yangetaka neno ambalo hajawahi kulitamka. Isitoshe, alitaka kwenda. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Akajitupa kwenye maandalizi. Alikata makoti meupe ya zamani ya kliniki akashona leso za kufutia mikono. Alikubaliana na muuguzi juu ya chakula: mayai ya kuchemsha, viazi, mkate wa kufungwa kwa kitambaa, na matunda ya kumenya, maganda yote yarudi kwa sungura wa muuguzi. Kila mtu aje na kikombe chake na kijiko chake. Maji yabebwe kwenye dumu, na Fundi ndiye abebe.

"Kwa nini mimi?" Fundi aliuliza.

"Una mgongo mrefu."

"Mgongo mrefu si mgongo mgumu, dada yangu. Huu ulitengenezwa kwa kuinamia meno."

Aliandika sheria ya mandari kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi, akakitundika nyuma ya mlango wa chumba cha chai: TUSIACHE KITU KILIMANI. Aliyaandika maneno hayo bila kuyafikiria. Ilikuwa baadaye, akingoja maji yachemke, alipoyasoma kama mtu mwingine. Alikigeuza kile kipande kikaelekea ukutani. Mchana aliporudi, kilikuwa kimegeuzwa, maneno yakimtazama. Akakigeuza tena. Jioni, alipofuata mkoba wake, maneno yalikuwa nje. Alijiambia ni muuguzi. Hakumwuliza, kwa sababu aliogopa angejibu kuwa si yeye.

Alasiri moja yeye na Fundi walikwenda kukagua mahali pa mandari.

Kilima kilikuwa kizuri. Hilo hakuna aliyeweza kulikana. Nyasi zilikuwa laini, njia ya kokoto ilipanda kwa kuzunguka, na mji ulilala chini kama kitu kilichomwagwa. Ila kulikuwa na mabomba. Huku na huku bomba la chuma lilichomoza ardhini kwa kimo cha mtu, ncha yake imepinda kama shingo ya mtu anayetega sikio.

"Ni ya kupumulia," alisema mlinzi wa bustani, mwanamke aliyevaa buti za mpira. "Huko chini bado kunaoza. Hewa isipopata pa kutokea, kilima kitavimba. Msiwashe moto hapa, hata kiberiti."

"Kutaoza mpaka lini?" Mapokezi aliuliza.

"Sisi tutazikwa, nacho kitakuwa bado kinapumua."

Alikwenda zake. Mapokezi alivua kiatu akakanyaga udongo mahali nyasi zilipokuwa haba. Alitegemea ubaridi. Udongo ulikuwa na joto, si joto la jua, maana pale palikuwa na kivuli cha mti. Ni joto kama la godoro mtu anapotoka kuamka. Akakivaa kiatu upesi.

Ndipo upepo ukapanda kutoka mjini. Mabomba yakaanza kuvuma, moja baada ya jingine, sauti nene isiyo na maana. Lakini bomba moja, lililokuwa pembeni penye mteremko, halikuvuma. Lilipiga mluzi. Mara mbili kwa kukata, kisha mara moja kwa kuvuta.

Hivyo ndivyo kaka yake alivyopiga mluzi alipoingia mtaani kwao jioni, ili mama apashe chakula.

"Sikia hilo," Fundi alisema, akilisogelea. Alipiga chuma kwa kiganja. "Mengine yote yananguruma. Hili peke yake lina wimbo." Kisha akamtazama. "Una nini? Umekuwa rangi ya majivu."

"Jua tu."

"Jua liko nyuma ya mawingu, dada."

"Basi njaa," alisema, akatangulia kushuka.

Nyumbani alimkuta mama yake ukumbini, sinia la maharage mapajani, akichambua kwa vidole kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alimwamkia.  Vidole vya Mama vilikuwa vimesimama juu ya sinia.

"Umepita wapi?"

"Nimetoka kazini, Mama."

"Njoo hapa."

Alisogea. Mama alimshika mkono wa blauzi, akauleta puani, akakaa nao hapo kwa muda mrefu. Mapokezi mwenyewe hakuwa amesikia kitu. Sasa aliisikia: harufu chachu, kama ya kitu kilichoungua kikazimwa kwa maji. Ndiyo harufu ambayo mama aliilalamikia kila jioni enzi zile, akimwamuru mwanawe avue ovaroli nje ya mlango.

"Una harufu ya kaka yako," Mama alisema.

Mapokezi alitaka kuuvuta mkono wake, lakini vidole vya mama vilikuwa vimekaza.

"Umemwona?"

"Hapana, Mama."

"Umemsikia?"

Mapokezi akaacha kuuvuta mkono, na hilo likawa jibu. Mama alimwachia, akaendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni.

"Hiyo safari yenu ya Jumamosi," alisema, "nitakwenda nanyi."

Jumamosi ilikuwa kavu na tulivu. Walitembea polepole kwa ajili ya Mama. Fundi, pamoja na dumu lake mgongoni, alimpa mkono wa kushika, na Mama akaupapasa mkono ule mpaka begani, kama mtu anayepima kitambaa.

"Wewe mrefu kama mwanangu," alimwambia.

"Yule aliye safarini?"

"Huyo huyo. Wala hayuko mbali."

Mapokezi, aliyekuwa nyuma yao na kikapu, alijikaza kisabuni akatazama kokoto.

Hakumwonyesha mama yake mahali popote. Hakumwambia habari ya mabomba wala mluzi. Lakini walipofika juu, Mama aliuacha mkono wa Fundi, akaanza kwenda peke yake, viganja mbele. Alifika kwenye bomba la kwanza, akaligusa, akaliacha. Akaenda la pili, akaliacha. Muuguzi alidhani bibi anatafuta pa kuegemea, akataka kumsaidia. Mapokezi akamzuia kwa kumgusa mkono. Mama alipita la tatu na la nne, akateremka kidogo kuelekea pembeni, akalishika lile lenye wimbo. Halikuwa likitoa sauti yoyote, maana hapakuwa na upepo. Aliliegemea, akajishusha, akaketi.

"Hapa," alisema.

Mapokezi alikitua kikapu. Akatandika kitambaa pale pale.

Na mandari ikawa mandari. Daktari alifurahi kama mtoto. Alikuja na kikombe cha bati kilichobonyea na hakuchoka kukisifu. Muuguzi alisimulia habari za mgonjwa aliyemeza jino lake la bandia akarudi siku ya tatu akiwa nalo mkononi. Fundi akasema hakuliuliza lilipitia wapi, alilipokea tu kwa koleo. Mama alicheka nao. Lakini Mapokezi aliona kwamba mama yake alikuwa ametenga yai, viazi na kipande cha mkate, akavifunika kwa leso iliyokatwa kwenye koti jeupe.

"Hicho cha nani, Mama?" Daktari aliuliza.

"Cha anayekuja."

Wakadhani kuna mgeni aliyechelewa. Hakuna aliyeuliza zaidi, ila mara kwa mara mmoja wao aligeuza kichwa kuitazama njia ya kokoto, na hakuonekana mtu. Mapokezi hakugeuka. Joto la udongo lilikuwa limepenya kitambaa, likamfika mapajani, na alihisi, au alidhani anahisi, ardhi ikiinuka na kushuka chini yake.

Jua lilipoanza kuegemea, Daktari alisimama akapiga makofi. "Haya, kila mtu aokote. Maganda kwenye kikapu, vikombe kwenye mkoba." Alizunguka akiinama, akachambua nyasi kama mtu aliyedondosha hereni. "Tumehakikisha? Hatuachi kitu?"

"Mimi siondoki," Mama alisema.

Alikuwa bado ameegemea bomba, miguu ameinyoosha.

"Umechoka, Mama? Tutakubeba," Fundi alisema.

"Sikuchoka. Mmesema tusiache kitu. Na mimi wangu yuko hapa chini."

Waliokuwa wakiokota wakasimama. Macho yote yakamwendea Mapokezi. Alihisi maji yamemfika shingoni, na kwamba kila mlango aliojijengea kwa miaka mingi ulikuwa umeachwa wazi.

"Kaka yangu hayuko safarini," alisema. "Alikuwa dereva wa tingatinga hapa. Mlima ulipokatika ulimfunika. Hakupatikana, hata chombo chake hakikupatikana."  Akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, kaka amekufa."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimejua siku zote."

"Sema tena."

"Kaka amekufa, Mama."

Hapo upepo ukaja. Haukuja kwa kishindo. Ulipanda mteremko ukizilaza nyasi, ukafika kwao. Bomba likapiga mluzi, mara mbili kwa kukata, mara moja kwa kuvuta, na wote waliusikia. Muuguzi akaziba mdomo kwa mkono. Mama aligeuka, akaweka sikio kwenye chuma, na kiganja chake kikawa kinapanda na kushuka kama anayembembeleza mtoto alale.

"Umekawia, baba," alisema. "Umekawia sana. Chakula kimepoa."

Bomba likapiga tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Najua," Mama alisema. "Najua, si kosa lako."

Kisha akalia. Kilikuwa kilio cha miaka, kikubwa kuliko mwili uliokitoa, na mwanzoni Mapokezi hakujua kama ni cha mama au kinatoka kwenye bomba. Alimkumbatia mama yake pamoja na chuma, akalia naye.

Hawakuachwa. Daktari, yule mwenye haraka, alivua viatu akaketi tena kwenye nyasi. Muuguzi alikitandaza upya kitambaa alichokuwa amekwisha kukikunja. Fundi alilifungua dumu, akawamiminia maji yaliyosalia ili wanawe mikono na nyuso.  Mlinzi alikuja kufunga bustani. Alipowaona alisimama kidogo, akavua kofia, akarudi na funguo zake langoni, akawangoja.

Mama aliponyamaza, alijifuta uso kwa upindo wa nguo. Alichukua kile chakula alichokitenga akakifunga vizuri.

"Ukitaka, kiache, Mama," Daktari alisema. "Sheria ilikuwa yetu tu."

"La. Maiti hali kitu." Akamnyooshea muuguzi kifurushi. "Mpelekee sungura."

Wakashuka. Upepo ulikuwa umekwisha kufa. Hata jani halikutikisika. Mama alitangulia, ameshikwa huku na huku, akitembea kwa wepesi ambao hakuja nao. Mapokezi alikuwa wa mwisho. Walipokuwa katikati ya njia aliusikia mluzi nyuma yake, si kule juu kwenye bomba, bali karibu, umbali wa mtu anayekufuata bila haraka. Walio mbele hawakugeuka. Hata yeye hakugeuka. Alihesabu kokoto kwa miguu yake, na mluzi ukamsindikiza mpaka langoni. Hapo ukanyamaza. Hakumsimulia mtu, siku hiyo wala baadaye.

Msiba ulikaliwa wiki ile. Majirani walirudi na mikeka, baadhi yao wakiwa wamezeeka tangu waliporudishwa mlangoni, na safari hii Mama aliwapisha waingie. Aliwasimulia juu ya mwanawe kwa neno walilolingoja: alikuwa. Usiku alilala. Kumbe miaka yote hakuwa akilala, na Mapokezi hakulijua hilo mpaka alipousikia usingizi wa mama yake mara ya kwanza.

Siku ya kuanua matanga, Mama alitoa sanduku la nguo za marehemu. Nyingi aliwapa ndugu. Shati moja la mistari ya buluu, la kutokea, alilikunja kando.

"Hili la yule mrefu," alisema. "Litamkaa."

Mapokezi alilipeleka kliniki kwenye bahasha kubwa. Fundi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru bila mzaha.

Jumatatu iliyofuata Mapokezi alikuwa mezani kwake, wagonjwa wawili wameketi kwenye viti, simu imetulia. Mlango wa kioo ulikuwa na mng'ao wa asubuhi, na anayekuja kutoka nje hakuonekana uso mpaka aingie. Aliona shati likipanda ngazi. Mistari ya buluu, mabega yale, mkono wa kulia umekunjwa zaidi ya wa kushoto, kama kaka yake alivyozoea. Mkono wake ukainuka wenyewe kutoka mezani.

Mlango ukafunguka. Shati liliingia kwanza, kisha uso wa Fundi.

"Umekawia," Mapokezi alimwambia. Neno lilitoka kabla hajalichagua.

Fundi alisimama. Alimtazama, akajitazama kifuani, akaelewa.

"Nimefika lakini," alisema kwa upole.

Mapokezi alitikisa kichwa kukubali. Alingoja mpaka Fundi aingie chumbani kwake kwenye meno yake ya plasta, mpaka asikie kiti kikiburutwa. Kisha akainua sauti akamwita mgonjwa wa kwanza.